Alipohamia Kochini

Lifti ya hospitali ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na ukumbi ulifurika watu wanaonung'unika. Msusi, ndani ya gauni la maua ya njano lililompwaya siku hizi, alikuwa akipenya kuelekea ngazi za kliniki pale mlango wa lifti ulipofunguka. Akatoka fundi mwenye ovaroli ya buluu, bisibisi mkononi. Moyo ukamlipuka msusi. Ndiye mchumba ambaye yeye msusi alimwacha kwa simu, bila hata kwaheri ya maana.

"Kumbe uko mjini," alisema fundi. "Nilidhani umeshaolewa huko ulikokimbilia."

"Niolewe na nani? Nipishe, nachelewa."

"Mpaka uniambie kosa langu. Hata paka hufukuzwa kwa sababu."

Angeweza kupanda ngazi na yakaisha. Lakini donge lilikuwa limemkaa rohoni muda mrefu mno.

"Ulihamia kochini," akasema. "Saratani ya shingo ya kizazi imenitoa jasho, narudi kutoka kwenye mionzi sijiwezi, wewe unabeba mto unakwenda kulala sebuleni. Ulinionea kinyaa."

Fundi alimsogelea.

"Kinyaa? Mpenzi, nilidhani mionzi bado imo mwilini. Sisi tukizima umeme, kuna vifaa hatugusi papo hapo. Tunasubiri moto uliobaki uishe. Nikaona nikikukumbatia mapema nitakudhuru."

"Ile haikai mwilini, mjinga wewe. Mashine ikizimwa imezimwa. Kwa nini hukuuliza?"

"Niliogopa jibu."

Msusi alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi.

"Sikiliza kabla hujaniita mpenzi tena. Sitazaa. Mwenzangu wa wodini aliwahi hospitali, akakatwa kidogo tu, kizazi chake kikabaki. Mimi nilichelewa, mionzi ikamaliza kila kitu. Joto linanipanda kama mama aliyekoma hedhi, choo hakinipi nafasi. Na chumbani kunauma."

Fundi alizungusha bisibisi kiganjani.

"Nilitaka watoto," alisema. "Nikikataa nitakuwa mwongo. Itaniuma."

"Basi nenda."

"Itaniuma nikiwa na wewe. Bila wewe nimeshajaribu, nimeshindwa. Na hilo la chumbani, hakuna wa kutueleza tufanyeje?"

Yupo. Muuguzi wa kliniki alikuwa radhi kueleza kila kitu. Msusi ndiye aliyeona haya kuuliza akiwa peke yake. Wakapanda ngazi pamoja, taratibu, mpaka kliniki.

Muuguzi aliikagua ile ovaroli yenye grisi. "Fundi, lifti iko chini."

"Hakuja kutengeneza kitu," alisema msusi, akamshika mkono mbele ya foleni nzima. "Huyu ni mume wangu mtarajiwa. Tuna maswali ya chumbani."