Jina la Lavonne Halimo

Lavonne alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuku. Mumewe, Royce, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, ng'ambo ya reli. Hapa kwetu Larkwood, asiyefanya kazi kwenye kuku hufanya kwenye mbao.

Kila jioni Lavonne alirudi, akavua mabuti, akabandika kunde jikoni. Royce alirudi kwa gari la rafiki yake. Mahakama ilikuwa imemfungia leseni ya udereva kwa sababu ya mwendo wa kasi, na gari lao alikuwa akiliendesha Lavonne peke yake. Siku alizofanya kazi zamu ndefu, alikwenda na wenzake na kuliacha uani.

Walipendana. Lakini Lavonne alikuwa na wivu, na wivu wake ulikuwa na jina: Ardith. Huyo alikuwa mke wa kwanza wa Royce. Waliachana miaka sita nyuma, ila walikuwa na mtoto wa kike wa miaka kumi, Tansy. Mtoto aliishi na mama yake.

Kila Ardith alipopiga simu, Lavonne alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Anataka nini tena?"

"Mambo ya mtoto tu, mpenzi."

"Mtoto wa miaka kumi ana mambo mengi kama bunge!"

Jumanne moja Lavonne alifanya zamu ndefu. Aliporudi, gari halikuwepo uani. Royce naye hayupo. Alikuwa bado amesimama sebuleni simu yake ilipolia. Kwanza ilisema sauti ya mashine: simu hii inatoka jela ya kaunti. Kisha akaja Royce.

"Lavonne, nimekamatwa. Nilikuwa naendesha gari."

"Bila leseni? Umerogwa? Wamekukamatia wapi?"

"Barabara ya Kinu."

Katika Barabara ya Kinu Lavonne alijua nyumba moja tu. Nyumba ya Ardith.

"Royce, ulikuwa unatoka—"

Simu ikakatika. Muda ulikuwa umekwisha.

Alhamisi Royce alifikishwa mbele ya hakimu. Alipewa wakili anayelipwa na serikali, mmoja wa wale wanaowatetea watu wasio na uwezo wa kuajiri wakili. Lilikuwa kosa lake la pili, kwa hiyo dhamana ilipangwa juu na wakashindwa kuilipa. Kesi ingesikilizwa baada ya wiki mbili. Mpaka hapo angekaa mahabusu.

Jumamosi Lavonne alikaanga kuku, akamtia kwenye sufuria na kufunika. Akavaa gauni jekundu lisilo na mikono, lile ambalo Royce hulisifu. "Aone alichonacho nyumbani," alijiambia kwenye kioo.

Dirishani pa jela alikaa askari mwanamke mwenye miwani.

"Chakula haturuhusu, dada."

"Ni kuku tu, afande."

"Hata angekuwa njiwa wa Nuhu, haingii. Na mabega wazi pia haturuhusu. Una sweta?"

Lavonne alirudi garini. Akaacha sufuria, akavaa sweta kuukuu juu ya lile gauni zuri. Akarudi.

"Kitambulisho," alisema askari. Alikisoma, akatazama kompyuta yake, akakisoma tena. "Lavonne Akers. Jina lako halimo."

"Halimo wapi?"

"Kwenye orodha. Mahabusu huandika majina ya wageni wake siku anayoingia. Asiyeandikwa haingii."

"Mimi ni mke wake!"

"Sijasema si mke wake, dada. Nimesema jina halimo."

Mlango wa chuma ukafunguka. Ardith akatoka. Alivaa gauni la bluu la mikono mirefu. Alifungua kabati dogo la ukutani kwa ufunguo, akachukua mkoba wake. Alipogeuka, wakaonana uso kwa uso.

"Lavonne," alisema. "Hujaingia?"

"Wewe umetoka kumwona nani?"

"Royce. Aliniandika."

Ardith hakucheka. Lakini Lavonne alisikia kicheko. Moyo wake ulikuwa unawaka kama mafuta ya kukaangia. Mume wake mwenyewe amemsahau na kumkumbuka aliyemwacha! Ardith alifungua mdomo aseme jambo. Lavonne hakungoja. Alitoka mbio mpaka garini, akaikumbatia sufuria na kulia.

Jumapili alasiri alikaa barazani. Hakwenda kanisani. Simu ilipolia na ile sauti ya mashine kusema maneno yake, alikuwa ameshasimama.

"Umeniaibisha, Royce! Mke wako nakuja, naambiwa sijulikani. Ardith anatoka ndani kama bibi harusi!"

"Sikiliza, mpenzi, mimi nili—"

"Sisikilizi! Sema kweli. Jumanne ulikuwa kwa Ardith? Uliendesha gari mara ngapi kwenda kule? Sema!"

"Lavonne, tafadhali. Si hapa."

"Hapa hapa! Ulikuwa kwake, hukuwa kwake?"

Ng'ambo ya uzio, Bi Hettie alikuwa anaanika mashuka. Alikuwa mama wa miaka sabini, mfupi, mwenye sauti nzito. Alifanya kazi ya uaskari katika jela ya kaunti miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Alidondosha shuka, akapita kwenye pengo la uzio, akapanda barazani.

"Muage," alisema.

"Bi Hettie, haya ni mambo ya—"

"Muage mumeo, mwanangu. Sasa hivi!"

Lavonne akaaga.

"Unajua nani mwingine alikuwa anakusikia?" aliuliza Bi Hettie.

"Wewe, na mtaa mzima."

"Mtaa si kitu. Kila simu ya jela inarekodiwa. Ile mashine huisema mwanzoni, lakini watu hawasikii. Mwendesha mashtaka anaweza kuisikiliza, akaiweka mbele ya hakimu. Umemuuliza ameendesha gari mara ngapi. Angejibu 'mara tano', ingekuwaje?"

Lavonne alikaa polepole. "Mungu wangu. Ningemfunga mimi mwenyewe."

"Habari za kesi ni za wakili peke yake. Si za mke, si za mama, si za mahabusu mwenzake anayejifanya rafiki. Kwenye simu uliza afya. Uliza anakula. Basi."

"Lakini kwa nini hakuniandika?"

"Lete kitambulisho chako."

Bi Hettie alikishika mbali na macho, akasoma. "Hapa wewe ni Akers."

"Ndilo jina la baba yangu. Tangu tuoane sijakwenda kubadilisha."

"Na Royce anakuitaje mbele za watu?"

"Lavonne Tuttle, kwa jina la ukoo wake. Hulitamka kwa maringo."

"Basi ndivyo alivyoandika. Kompyuta haijui maringo. Jina la orodha na la kitambulisho lazima yalingane, na tarehe ya kuzaliwa pia."

"Na Ardith?"

Bi Hettie alisita. "Ardith hakuacha jina. Mpaka leo ni Tuttle kwenye karatasi zote."

Hilo lilimchoma Lavonne kuliko yote. Mwanamke yule aliacha mume, jina akabaki nalo.

"Sawa. Lakini kwa nini amwandike kabisa?"

"Ana mtoto, au hana? Mtoto haingii jela ile bila mzazi au mlezi wa kisheria. Wewe huwezi kumpeleka Tansy, hata ukimpenda vipi."

"Lakini alikuja peke yake! Tansy hakuwepo!"

"Hilo silijui. Kamuulize mwenyewe."

"Nife kwanza," alisema Lavonne.

Bi Hettie alicheka, akaomba maji. Kisha akamweleza mambo ya ndani, kwa sababu Lavonne alikuwa hapati usingizi akiwaza. Royce alipoingia alipigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Nguo zake, mkanda na saa vilitiwa kwenye mfuko na kuandikwa; atarudishiwa siku ya kutoka. Muuguzi alimuuliza magonjwa yake.

"Ana presha," alisema Lavonne. "Dawa ziko hapa mezani. Nilitaka kumpelekea."

"Usizipeleke mkononi, watakurudisha nazo. Piga simu jela, omba kitengo cha tiba. Wape jina la dawa, kipimo chake, na duka la dawa analochukulia. Fanya kesho asubuhi, usingoje."

"Na kumwona?"

"Akipiga, mwambie ajaze fomu ya kubadilisha orodha. Aandike Akers. Halafu wewe uombe nafasi siku moja kabla. Fika nusu saa mapema, na kitambulisho na ufunguo wa gari tu. Ana haki ya wageni mara mbili kwa wiki, dakika ishirini kila mara. Jela nyingine zina kanuni nyingine, lakini yetu ni hiyo. Na mtaonana kwenye skrini, si ana kwa ana. Nayo pia inarekodiwa, usije ukajisahau."

"Kwa hiyo siwezi kumuuliza habari za Jumanne?"

"Huwezi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe, mwanangu."

Lavonne alitazama Barabara Kuu, upande wa Barabara ya Kinu. Karibu wiki mbili na swali moja kooni!

Jumatatu alipiga simu kitengo cha tiba. Jioni Royce alipopiga, alimpa jina la kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa aviandike kwenye fomu, hakuongeza neno. Jumatano alifika jela amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni.

"Akers," alisema yule askari wa miwani. "Sasa umo."

Chumbani mlikuwa na viti, skrini na mikono ya simu. Royce alitokea. Alivaa nguo za rangi ya chungwa, ndevu zimeota. Lavonne aliweka kiganja kwenye kioo cha skrini bila kujua.

"Mbona umevaa kama mke wa mchungaji?" alisema Royce.

"Kanuni. Umepata dawa?"

"Tangu jana. Kichwa kimetulia."

"Unakula?"

"Nakula. Mkate wao wa mahindi ungeweza kuujengea ukuta."

Wakacheka. Swali lilipanda mpaka kwenye meno ya Lavonne. Royce aliliona.

"Najua unachotaka kuuliza," alisema. "Wakili amenikataza kusema. Utanisubiri?"

"Kuna kitu cha kunifanya nisikusubiri?"

"Hakuna."

"Basi nasubiri."

"Kuna jambo jingine. Nafasi ya pili ya wiki hii, nataka nimwachie Tansy."

"Na Ardith."

"Na Ardith. Mtoto hawezi kuja peke yake."

Dakika zilikuwa zinakwenda pembeni ya skrini. Lavonne alitaka kusema hapana. Alikuwa na haki, alikuwa mke! Aliwaza dakika ishirini za Ardith na gauni la bluu. Halafu akaona macho ya Royce, mekundu, ya mtu asiyelala.

"Mwache mtoto aje," alisema.

Royce alifungua mdomo ajibu, skrini ikazimika.

Siku ya kesi, Lavonne alikaa kushoto, Ardith na Tansy kulia. Wakili wa Royce, kijana mwembamba, alisimama na karatasi.

"Mheshimiwa, Jumanne ile binti wa mshtakiwa alishikwa na pumu akiwa peke yake nyumbani. Mama yake alikuwa kazini, hana gari. Waliambiwa gari la wagonjwa lingefika baada ya dakika arobaini. Baba aliendesha, akamfikisha zahanati ya mji wa jirani, akamwacha mikononi mwa daktari. Alisimamishwa akirudi. Hizi hapa karatasi za zahanati, zina saa."

Lavonne aligeuka akamtazama Tansy. Mtoto alikuwa anatafuna ncha ya msuko wake.

Mwendesha mashtaka alisema, "Tumesikiliza simu zake, mheshimiwa. Mke alimuuliza habari za kuendesha gari. Mshtakiwa hakujibu. Hatuna ushahidi wa safari nyingine."

Hakimu alisoma karatasi za zahanati kwa makini. Kisha alisema kosa ni kosa, lakini siku ambazo Royce amekaa ndani zinatosha. Asiguse usukani tena mpaka arudishiwe leseni.

Hawakumwachilia pale pale. Alirudishwa jela kwanza, karatasi ziandikwe, arudishiwe mfuko wake. Lavonne alingoja nje, kwenye benchi. Ardith akaja, akakaa ncha ya pili. Tansy alikaa katikati yao.

"Jumamosi ile ulikuja peke yako," alisema Lavonne.

"Nilitaka kuona kwanza kama ni mahali pa kumleta mtoto."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Ulitimua mbio na sweta lako."

Lavonne karibu acheke. "Na siku ya pumu? Kwa nini Royce hakunipigia?"

Ardith alitazama viatu vyake. "Nilimwambia akupigie. Alisema utawaka."

Magari mawili yalipita.

"Ningewaka kweli," alisema Lavonne. "Lakini ningekwenda, hata kwa gari la kuazima. Mimi ndiye mwenye leseni." Akatoa simu. "Andika namba yangu. Mtoto akibanwa kifua tena, nipigie mimi. Mchana, kazini, popote."

Ardith aliiandika. Hawakushikana mikono.

Mlango ulipofunguka, Royce alitoka na mfuko wa plastiki kwapani, saa yake bado haijavaliwa. Tansy ndiye aliyefika wa kwanza. Royce alimwinua juu, na Lavonne akasikia ule mchomo anaoufahamu, pale pale mahali pake. Aliuacha uchome. Akamtengenezea mumewe kola ya shati, akamwambia, "Twende. Naendesha mimi."

Mwezi wa kumi na moja, baridi ilipoanza, Lavonne aliitwa kutoka kwenye mashine za kuku. Kulikuwa na simu yake. Ilikuwa sauti ya Ardith, haina pumzi. Lavonne hakuuliza anataka nini. Alitupa aproni, akakimbilia gari, na baada ya dakika ishirini na tano Tansy alikuwa zahanati na dawa ya kuvuta mdomoni, kifua kikishuka na kupanda taratibu. Royce alipata habari jioni, aliposhuka kwenye gari la rafiki yake.