Meno ya Laurentine

Kila asubuhi Adalbert aliondoka mtaani Makomeno kwenda kazini kwenye reli. Mke wake, Victorine, alibaki akimpikia uji binti yao, Laurentine. Ilikuwa mwaka wa 1950, mjini Élisabethville, Kongo.

Laurentine alikuwa na miaka miwili tu, lakini meno yake manne ya mbele yalikuwa yamekwisha kung'oka. Hakuanguka, hakupigwa. Mdomo wake uliingia ndani kama wa bibi kizee.

Mama Chola, mama yake Adalbert, alifika kutoka kijijini. Alimtazama mjukuu wake, akasema, "Huyu mutoto iko chinkula."

Chinkula ni mtoto anayeota meno ya juu kwanza. Wazee waliamini analeta vifo katika ukoo.

"Mama, meno yake ya chini njo ilitoka kwanza," Victorine alijibu.

"Yenye kuanguka mbele ya saa yake iko sawa tu na chinkula. Siku ya Mungu nitaenda naye ku muji."

Jumapili, kijijini: Victorine alielewa. Watoto waliopelekwa kijijini kwa jina hilo hawakurudi. Adalbert aliona aibu kumbishia mama mzazi.

Sasa tazameni ujasiri wa mwanamke huyu! Desturi ilitaka meno ya mtoto yatupwe juu ya paa. Victorine, kwa kuwaonea haya majirani, alikuwa ameyafunga kitambaani. Aliyachukua, akambeba mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja kwa jirani yao Faustin, muuguzi wa dispensari. Faustin akawapeleka kwa daktari wa meno. Kesho yake Faustin alikuja kuzungumza na jamaa nzima.

"Muangalie muzizi," alisema, akifungua kile kitambaa cha meno. "Jino ya mutoto ikitaka kuanguka, muzizi inaisha kwanza. Hii iko muzima! Mu mwili yake kunapunguka kitu yenye kushikisha jino ku mufupa. Haiko buloji, haiko uchawi. Ni ngonjwa ya kuzaliwa nayo, haionekane mara mingi."

"Dawa iko?" Victorine aliuliza.

"Bado. Lakini jino ikilegea, musiivute. Mumupe chakula ya laini. Kila siku mupanguse meno na kitambaa safi. Na mumurudishe kwa dokta." Kisha akauliza, "Mu jamaa, nani alipoteza meno vile?"

Adalbert akatikisa kichwa.

"Mimi," Mama Chola alisema. "Mama yangu alinificha mu nyumba miaka mine. Aliogopa batanitupa mu mutoni."

"Na meno ya bukubwa?"

"Ilikuja. Ilibakia."

Hasira zote zilimtoka Victorine. Alipiga magoti, akampakatisha mama mkwe mtoto.

Jumapili Mama Chola hakwenda kijijini. Alimpangusa Laurentine meno, akamfunga mgongoni, akaingia naye sokoni watu wakiwa wamejaa. Muuza samaki mmoja aliuliza, "Huyu mutoto iko na nini?"

"Iko na ngonjwa yangu," alijibu. "Uniulize mimi."

Laurentine alipofika miaka saba, meno ya ukubwani yaliota, yakashika, na midomo ikajaa. Siku ya kwanza ya shule, aliyemshika mkono kumpeleka alikuwa Mama Chola.