Nilimwita Shemeji Yangu Mwizi kwa Sababu ya Matairi

Nina miaka arobaini na minne, mama wa watoto watatu, na ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Gisenyi, Rwanda. Wanaonijua sokoni wanajua kwamba mdomo wangu hauna breki. Zamani nilijisifia jambo hilo. Leo nikilikumbuka natamani ningezaliwa bubu.

Sitaki mnihurumie. Nataka mnisome mpaka mwisho, hasa wewe uliye mwepesi wa kumtukana fundi mbele za watu.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, tukarudi Rwanda nikiwa msichana. Nikaolewa na Evariste, ambaye familia yao ilitoka Masisi, upande wa Kongo. Mume wangu ni karani, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini. Tangu tuoane sikumsikia akigombana na mtu. Nilidhani huo ndio wema...

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Bahati. Yeye alikuwa na kibanda cha kuuza na kufunga matairi kando ya barabara ipandayo Nyundo, katika kiwanja cha mama yao. Mama mkwe wangu alimwacha afanyie kazi pale kwa sababu Bahati ndiye aliyekuwa akimpelekea kuni, maji na dawa. Evariste alikiona kiwanja kile kila alipopita kwenda kazini. Alikiona, akanyamaza.

Mimi nina pikapu ya kubebea samaki. Nanunua sambaza alfajiri mitumbwi inapotua, napeleka Musanze. Pikapu ile ndiyo shamba langu.

Miaka mitatu iliyopita niliugua malaria, nikalala wiki nzima. Nilipopona nilikuta gari limeoshwa, linang'aa mpaka chini ya milango. Evariste akasema aliliosha ili nikiamka nifurahi. Nikamshukuru. Nilimsimulia hadi jirani, kwamba nimepata mume anayemwoshea mkewe gari...

Tangu hapo usukani ulikuwa ukienda kulia kidogo. Nikauzoea. Mtu huzoea hata jino bovu.

Miezi ikapita, matairi yakaisha, nikaenda kwa Bahati anifungie mapya manne. Alipochomoa la mbele la kulia akalipitishia kiganja, akaniita.

"Shemeji, ona. Hii pneu imelika upande wa inje tu. Ngambo ingine iko muzima. Gari iko na shida fasi ingine, si kwa pneu. Niachie mpaka kesho, niangalie chini."

Nyuma nilikuwa na kreti za samaki zimefunikwa turubai, na jua lilishapanda. Nikamwambia samaki hawajui kesho. Afunge matairi, niondoke.

"Bon, nitafunga," akasema. "Lakini urudi siku ya lundi. Pneu mupya haitibu gari yenye kugonjwa."

Sikurudi siku hiyo ya Jumatatu, wala iliyofuata.

Gari lilibadilika tangu siku ile ile. Kule kuvuta kidogo kukawa kuvuta kweli. Nikilegeza mkono, pikapu inakimbilia ukingo wa kulia kama mbuzi aliyeona mahindi ya watu. Nikikanyaga breki, inavuta zaidi. Nikipakia mzigo mzito, mabega yananiuma mpaka nafika Musanze sijisikii mikono.

Sasa niambieni, mtu akifunga matairi mapya na gari likaharibika siku hiyo hiyo, atamlaumu nani? Mimi nililaumu matairi. Na matairi yalikuwa na mwenyewe.

Nilimweleza mume wangu tukiwa mezani. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Hakunitazama.

"Ni pneu hizo," akasema polepole. "Bahati atakuwa amekupa za kuokota Goma, amezipaka rangi nyeusi."

"Ndugu yako wa tumbo moja anifanyie hivyo?"

"Mama Divine, sababu ni ndugu yangu ndiyo mi namujua."

Hakusema zaidi. Yule mtu hakuhitaji kusema mengi. Alikuwa ameoa mdomo wangu, akajua kazi yake.

Kesho yake nilisimamisha gari mbele ya kibanda cha Bahati, nikashuka nikianza kutukana kabla mguu haujagusa chini. Walikuwapo madereva wawili na padre mmoja aliyesubiri tairi lake lizibwe. Padre akainamisha macho. Bahati alifuta mikono, akaniomba niketi. Sikuketi.

Hakunijibu tusi hata moja. Alipima upepo katika matairi yote manne, akanionyesha kipimo: sawasawa. Kisha akainua pikapu mbele, akachomoa matairi mawili ya mbele, la kulia akalifunga kushoto, la kushoto akalifunga kulia.

"Donc, sikia muzuri, shemeji. Kama mubaya ni pneu, gari itaanza kuvuta kushoto, sababu pneu imehama. Kama itaendelea kuvuta kulia, pneu haina kosa."

Tuliingia garini, mimi kwenye usukani, yeye pembeni. Tulikwenda kilomita moja hivi penye barabara iliyonyooka. Akaniambia nilegeze mikono. Nikalegeza.

Gari likaenda kulia.

Kulia vile vile... Kitu kilichoonekana kwa macho, ambacho hata mtoto angekielewa. Na mimi nilikielewa. Hilo ndilo linaloniua. Nilielewa, nikakataa.

"Umeona?" akasema. "Kuna chuma chini yenye kukunjwa. Pneu za zamani zililika kufuata ule ugonjwa, zikaufunika. Hizi mupya ziko nzima, ndiyo zinausema. Gari iligonga fasi?"

Nikamwambia gari langu halijawahi kugonga hata kuku.

"Kuna mutu mwingine anaiendesha?"

Ni swali tu la fundi. Lakini mimi nilisikia ananiambia kwamba mume wangu ni mwongo. Nilifunga breki, nikamwamuru ashuke pale pale barabarani. Alinisihi nimwachie gari siku hiyo moja, alinyanyue, anionyeshe kwa macho yangu. Nikamwita mwizi anayetafuta pa kufichia wizi wake. Alirudi kibandani kwa miguu.

Je, niliishia hapo? Nani anishike mdomo? Nilisema ufukweni kwa wavuvi. Nilisema sokoni. Nilisema kanisani, kwa wanawake wenzangu, tukiwa tunapanga maua. Bahati anauza matairi mabovu, hata kwa mke wa kaka yake. Je, kwako wewe usiye ndugu atakufanyia nini? Madereva wakaanza kupita pale bila kusimama. Baada ya mwezi mmoja kibanda kilikuwa na kompresa iliyonyamaza na mtu aliyekaa juu ya rundo la matairi akitazama barabara.

Hapo ndipo Evariste akaitisha kikao cha ukoo. Baba yao mkubwa alikuja, na wajomba wawili. Mume wangu akaongea kwa ile sauti yake ya chini, kwamba inamuuma, lakini kiwanja cha mama kisichafuliwe na biashara ya aibu. Kwamba mama amezeeka, bora kiwe mikononi mwa mtu anayeaminika. Kisha akanigeukia.

"Mama Divine, waeleze tu ulichokiona."

Nikasimama, nikaeleza. Nilieleza kuhusu usukani, breki na mabega yangu. Kule kubadilisha matairi kulia na kushoto sikukutaja hata kwa neno moja... Niliruka pale makusudi, nikijua ninaruka.

Mama mkwe alilia. Alisema Bahati hajamwibia mtu tangu azaliwe. Baba mkubwa akasema huruma ya mama haihukumu kesi. Kiwanja kikawekwa chini ya Evariste. Bahati alipewa wiki moja aondoe vyombo vyake. Alipopita mbele yangu alisema jambo moja tu, bila hasira.

"Shemeji, nichukie, lakini hiyo gari usipandishe mutu ndani."

Nilimcheka. Alikwenda Busasamana, akawa anabeba magunia ya viazi vya watu.

Wiki tatu baadaye mama mkwe aliniomba nimpeleke Nyundo kwenye misa. Tuliondoka asubuhi, anga safi, amevaa kitenge chake cha sikukuu na rozari mkononi. Tangu kikao kile alikuwa haongei nami ila salamu, na siku ile nilidhani ameanza kunisamehe. Misa ikaisha, tukaanza kushuka kurudi mjini. Mbele yetu mtu wa baiskeli yenye mzigo wa ndizi akaingia barabarani ghafla. Nikakanyaga breki.

Nilisikia kitu kikilia chini, kama kuni kavu ikivunjwa. Usukani ulinitoka mikononi. Gari lilijitupa kulia, likaingia mtaroni, likajigonga kwenye ukuta wa mawe, upande aliokaa yeye.

Mimi nilipasuka paji la uso. Mama mkwe alivunjika nyonga. Nilipomwita alikuwa anatafuta rozari kwa vidole, macho yamefumbwa, na damu inashuka kwenye kitenge... Mpaka leo hajasimama tena kwa miguu yake.

Gari lilivutwa mpaka gereji ya mzee mmoja wa mjini, asiyetujua wala kujua kesi yetu. Nilikwenda pale nikiwa na bandeji kichwani, na tusi la kumtukana Bahati tayari mdomoni. Mzee hakunisalimu. Alinipa kipande cha chuma, mkono ule unaoshika gurudumu la mbele la kulia.

"Nani alisudua hii?" akauliza.

Nikasema hakuna aliyewahi kuchomelea chuma cha gari langu.

"Mama, angalia mwenyewe. Nusu ya hapa penye kukatika iko na kutu. Nusu inang'aa. Ilisha kukunjwa zamani, mutu akaisudua, ufa ukabakia ndani. Pneu zako ziko muzuri kabisa. Nani alizifunga? Huyo mutu anajua kazi."

Niliketi chini, kwenye mafuta machafu. Mzee akaniambia kazi ya namna ile, rangi nyekundu juu ya mchomeleo, anaijua. Ni ya mchomeleaji mmoja wa Bugeshi.

Nilipanda Bugeshi siku iliyofuata kwa pikipiki, baridi ikinikata uso. Mchomeleaji nilimkuta anatengeneza mlango. Nilipomtajia pikapu ya samaki akakumbuka mara moja. Bwana wa shati jeupe, karani, alikuja kununua viazi, akarudi nyuma kupishana na ng'ombe, kisha akaenda mbele kwa kasi akapanda jiwe kubwa la volkano. Gurudumu likaingia ndani.

"Mi nilimwambia nunua ingine mupya, hii itakuletea kifo," akasema. "Akasema bibi yake, mwenye gari, iko mugonjwa, asijue. Akaniomba nioshe na gari."

Lile gari lililong'aa...

Evariste nilimkuta nyumbani, anapiga pasi shati. Nikaweka kile chuma juu ya meza ya pasi. Alikitazama, akazima pasi. Nilimuuliza kwa nini hakusema nilipopona. Akasema aliogopa mdomo wangu. Sawa. Nikamuuliza kwa nini hakusema nilipoanza kumtukana Bahati. Akanyoosha kola ya lile shati. Kwa nini hakusema kwenye kikao, kwa nini aliniacha nimpandishe mama yake kwenye gari lile.

"Karatasi za kiwanja kwa jina langu zilikuwa karibu kutoka," akasema. "Nilifikiri gari nitaitengeneza kisha."

Kwa sauti ile ile ya chini. Nilimtazama, nikaona kwamba miaka ishirini nilikuwa nimelala na mtu nisiyemjua. Nilimrushia nguo zake nje, pamoja na lile shati lenye joto. Hakugombana. Aliziokota, akazikunja.

Nilizunguka kwa wale wote niliowaambia, ufukweni, sokoni, kanisani, nikawaambia kwamba mwongo nilikuwa mimi. Je, mnajua wengi walisema nini? Walisema labda, lakini panapofuka moshi... Neno baya nililitembeza kwa wiki moja. Neno la kweli nalitembeza huu mwaka wa pili, na bado halijafika kila mahali.

Baba mkubwa aliitisha kikao kingine, kiwanja kikarudishwa kwa mama. Bahati alikataa kurudi. Nilimfuata Busasamana, nikapiga magoti kwenye matope, watu wakitazama. Aliniinua kwa mkono.

"Simama, shemeji. Mi sina kisasi na wewe. Lakini ulinijua, ukanikana. Donc usiniombe nicheke."

Kila Jumapili anakuja kumwona mama yake, ambaye sasa analala chumba cha binti yangu. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemgeuza. Bahati ananisalimu kwa heshima, anakaa naye saa mbili, anaondoka. Chai yangu hajainywa. Na mama mkwe, nikimfunika shuka, huniambia asante, mwanangu. Neno hilo linanichoma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Ndugu zangu wasomaji, gari lako likibadilika baada ya kufungwa matairi mapya, kabla hujamtukana mtu, mwombe apime upepo, abadilishe kulia na kushoto, kisha uendeshe mwenyewe uone. Na ukiona, amini macho yako hata kama yanakuelekeza nyumbani kwako. Kama kuna mtu umemchafulia jina, mwendee leo, usingoje uhakika. Mimi nilingoja mama wa watu avunjike, ndipo nikainama kutazama chini ya gari langu mwenyewe. Wewe inama mapema.