Kazi Moja Niliyomficha Rehema

Nina miaka arobaini na mmoja, naishi Msalato, ni mtu wa kompyuta katika hospitali moja hapa Dodoma. Haya sijamwambia hata mke wangu...

Kwa miaka tisa seva ya hospitali, kompyuta kuu inayoendesha kazi zote, niliilea mwenyewe. Kazi zake za kila siku nilizipanga kwa cron, ile ratiba ya zamani: saa hii nakili mafaili, saa ile watumie wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha kliniki. Kisha akaletwa Rehema, binti wa miaka ishirini na sita, ahamishie kila kitu kwenye taima za systemd, za kisasa, zinazoonyesha kazi ipi imefanyika na ipi imekwama.

Jamani, wivu nilioupata! Ananiamkia shikamoo kila asubuhi, naitikia kwa mdomo tu, roho inaniuma. Mkuu wa kitengo, ambaye zamani hakufanya lolote bila kuniuliza, sasa ni Rehema huku, Rehema kule. Mimi nilikuwa nani tena?

Akaniomba orodha ya kazi zote. Nikampa kumi na nne. Ya kumi na tano, ile ya ujumbe wa kliniki, ilikuwa chini ya jina langu, nikainyamazia. Akaniuliza, "Kaka, ndizo zote?" Nikasema ndizo zote. Nilitaka akizima cron ujumbe ukatike, watu walalamike, aumbuke. Siku mbili tu, kisha nijitokeze mimi kuokoa jahazi.

Akaizima cron, ujumbe ukakatika, na hakulalamika mtu. Wagonjwa wasiokuja walidhaniwa wamekosa nauli. Nami kila siku iliyopita nilizidi kuogopa kusema, maana ningeulizwa nilijuaje... Zikapita wiki sita.

Ndipo mama mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, akaletwa kutoka Gulwe akishikwa mkono. Ana presha ya macho, na dawa yake ya matone huipata kliniki kwetu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba namba yake imo kwenye ujumbe ule! Jicho la kulia halioni tena, na daktari amesema halitarudi. Nilipomuuliza mbona hakuja, akasema, "Ujumbe haukuja, mwanangu. Nikajua bado hamjanipangia. Simu nilikuwa nayo mapajani siku zote."

Rehema ndiye aliyeikuta ile kazi chini ya jina langu. Akaihamisha palepale, hakunisema kwa mtu. Bado ananiamkia shikamoo.

Ndugu zangu, akija kazini kwenu kijana anayejua kuliko ninyi, nawaomba mpeni orodha yote. Mimi kila jioni namdondoshea mama mkubwa dawa kwenye jicho lililobaki, naye kila mara ananiambia asante, Mungu akubariki. Sijui nitamwambia lini.