Zamu ya Nzilani kwenye Redio ya Daktari

Kila asubuhi kabla ya shule, Nzilani alimtandika punda mitungi ya maji na kushuka naye mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu tangu mvua zilipokata. Ilibidi achimbe kwa mikono, asubiri maji yachuruzike, kisha ayachote kwa kata polepole yasitibuke. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wawili: Nzilani akichota, Mutindi akimzuia punda asikanyage kisima. Sasa Nzilani alikuwa peke yake, na punda yule alikanyaga kisima kila alipopata nafasi.

Mutindi alikuwa binti wa mama yake mkubwa, aliyepika katika hoteli moja huko Emali. Mutindi aliletwa kijijini Kanyangi asome huku, na wasichana hao wawili waliketi dawati moja darasa la sita na kulala chini ya blanketi moja. Waliishi vizuri mpaka goti la Mutindi lilipovimba.

Mwiba wa mgunga ulikuwa umemchoma akifukuza mbuzi. Mutindi akauficha, kwa sababu aliujua ulimi wa mama yake mdogo, Kasyoka, aliyemzaa Nzilani, na hakutaka kuambiwa kwamba macho anayo ila hayatumii. Goti liliuma kimya kimya hadi likawa kama kibuyu. Hapo Kasyoka alimpandisha juu ya punda na kumpeleka kwenye zahanati.

Muuguzi wa zahanati, Sista Rahab Wanjiro, alikuwa mwanamke wa Murang'a, mrefu, asiyecheka ovyo. Alilitazama lile goti akasema hilo limemshinda, atauliza redioni. Juu ya meza yake palikuwa na kisanduku chenye waya uliopanda hadi kwenye mlingoti nje, kikila moto wa betri ya gari. Watu walikiita redio ya daktari. Kila asubuhi, saa iliyopangwa, daktari wa Nairobi aliviita vituo vya porini kimoja baada ya kingine, na wauguzi wakamweleza wagonjwa waliowashinda. Siku hiyo daktari aliagiza sindano, na akasema Alhamisi, siku ambayo gari la Thuo mwenye duka huenda Kitui kuchukua bidhaa, Mutindi afikishwe hospitalini usaha utolewe. Alhamisi isipite, alisema. Ikipita, goti linaweza kukauka vile vile lilivyo, asilikunje tena maisha yake yote.

Kuanzia siku hiyo nyumba iligeuka. Mutindi alilala kitanda cha Kasyoka. Mutindi alipikiwa uji wa maziwa, naye Nzilani akapewa wa maji. Yai lililokuwa likisubiriwa na watu wote pale nyumbani liliingia kinywani mwa Mutindi. Jioni wanafunzi walifika na pakiti za maziwa ya Nyayo, yale waliyogawiwa shuleni wakajinyima, wakajipanga kando ya kitanda kusikiliza habari za redio.

"Daktari aliniita jina," Mutindi aliwaambia. "Akasema, Mutindi, pole sana. Kutoka Nairobi."

Wenzake wakaguna kwa kustaajabu. Musyoka, mvulana asiyejua kunyamaza, alimgeukia Nzilani aliyekuwa akiingia na mtungi. "Kumbe wewe ndiye mchota maji wa mtu wa redio," alisema. "Ukija shule tutakuuliza ameamkaje."

Walicheka, hata Mutindi. Nzilani aliutua mtungi kwa kishindo. Wivu ulimkaa kooni kama kiazi kilichomezwa bila kutafunwa. Tangu goti livimbe hakuwahi kulitazama. Kitambaa kilipofunguliwa, yeye alitoka nje.

Jumatano jioni alimkuta mama yake akishona gauni. Kilikuwa kile kitambaa cha maua ya manjano ambacho Nzilani aliahidiwa tangu wakati wa mavuno. Aliuliza ni la nani, ingawa alijua.

"La Mutindi. Hawezi kwenda Kitui na matambara," alijibu Kasyoka bila kuinua macho. "Usinikazie uso. Wewe una miguu miwili mizima."

Usiku Nzilani alijilaza peke yake akiwaza kwamba miguu mizima haina faida yoyote. Goti hakuweza kulivimbisha. Lakini kulikuwa na ugonjwa usioonekana kwa macho, ambao mwenyewe akisema upo, upo.

Alhamisi asubuhi hakuamka kwenda mtoni. Alijikunja akishika tumbo na kuguna. Kasyoka alimwuliza amekula nini, akamgusa paji la uso, akamtazama kwa muda kama mtu anayechagua maharagwe. Kisha akasema basi waende wote, maana gari la Thuo lilikuwa limchukue Mutindi palepale kwenye zahanati.

Sista Rahab alimlaza Nzilani akambonyeza tumbo. Nzilani akalia alipobonyezwa kushoto, akalia alipobonyezwa kulia, na alipoona sista amekawia zaidi upande wa kulia, akalia kwa nguvu huko. Sista alikunja uso. Alimwambia Kasyoka kwamba hajaridhika, lakini tumbo la mtoto si kitu cha kubahatisha, na saa ya redio imefika.

Hilo ndilo Nzilani alilokuwa akilitaka.

Sista alitoka kwanza akawaomba watu waliokuwa kwenye benchi chini ya dirisha wasogee mbali. Nzilani alikuwa amesikia kwamba siku ya Mutindi alifanya vivyo hivyo, akadhani ni heshima ya kipekee aliyopewa binti wa Emali. Kisha akafunga mlango, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Nisikilize, Nzilani," alisema. "Kabla sijamwita daktari nataka ruhusa ya mama yako, na yako pia. Daktari hakuoni. Hawezi kukugusa. Atakachojua ni kile nitakachomwambia na utakachojibu, basi. Tukikosea maneno, naye atakosea dawa. La pili, wauguzi wa vituo vingine wako kwenye mtambo huo huo, watasikia. Sitataja jina lako. La tatu, unaweza kukataa, na sitakukasirikia. Nitakutibu kwa ninachokijua, tukishindwa tutafute gari. Umeelewa? Una swali?"

"Nimekubali," alisema Nzilani.

"Nimeuliza kama umeelewa."

"Nimeelewa, sista. Piga."

Hakuwa amesikia zaidi ya neno moja, kwamba jina lake halitatajwa, na hilo lilimuudhi. Mutindi alitajwa, kwa nini yeye asitajwe?

Redio ilikoroma, ikapiga miluzi, kisha sauti ya mwanamume ikatokea, tulivu, ikiongea Kiswahili cha taratibu. Sista alieleza: mtoto wa kike, darasa la sita, maumivu ya tumbo tangu alfajiri. Alimaliza kwa kusema ova, neno la kumwachia mwenzako nafasi ya kusema.

Daktari aliuliza kama maumivu yalianzia kitovuni. Sista akamgeukia Nzilani. Nzilani akasema ndiyo. Yalihamia chini upande wa kulia? Ndiyo. Ametapika? Nzilani alifikiri kidogo akasema ndiyo, nje, nyuma ya choo, mama hakumwona. Kila ndiyo ilipopita, sauti ya daktari iliongeza uzito, na Nzilani akajiona anakua pale kitandani. Hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo.

"Sista," ikasema redio, "sipendi tumbo hilo. Inaweza kuwa kidole tumbo, na kikipasuka tutampoteza. Asile, asinywe maji. Apelekwe Kitui leo akiwa amelala, nitawaarifu watu wa chumba cha upasuaji wajiandae. Mama yake anakubali? Ova."

Kasyoka alishika ukingo wa kitanda cha binti yake. Mwishowe akasema anakubali, na sauti ilitoka kama si yake.

Upasuaji Nzilani hakuwa ameuweka katika hesabu.

Gari la Thuo lilikuwa limeshasimama nje, pikapu iliyojaa mbuzi wa mnadani nyuma, na mbele kiti kimoja kirefu. Mutindi alikuwa ameketi humo tayari, amevaa gauni la maua ya manjano. Sista alimbeba Nzilani hadi kwenye gari, akaeleza hali. Thuo, mzee wa kutoka Thika aliyefungua duka Kanyangi miaka mingi, alivua kofia akajikuna kichwa. Nyuma mgonjwa hawezi kukaa, alisema, mbuzi watamkanyaga. Mbele, mmoja akilala, nafasi iliyobaki ni ya mama wa kumshika kichwa. Gari lingine hakulijua, na yeye mwenyewe asingerudi Kitui hadi wiki ijayo.

Sista Rahab alitazama goti la Mutindi, akatazama tumbo la Nzilani. Alikuwa na uso wa mtu anayelazimishwa kuchagua ni jicho lake lipi litolewe.

"Kidole tumbo hakingoji," alisema hatimaye. "Mutindi, mwanangu, itabidi ushuke. Sindano zitaendelea. Nitajaribu daktari tena kesho."

Nzilani alikitaka kiti hicho juma zima. Sasa alipewa, na Mutindi alikuwa akikiacha. Mutindi hakubisha. Aliushika mguu kwa mikono yote miwili, akauinua kama mtu anayeinua gogo la kuni, akauweka nje ya mlango. Kitambaa kilisogea. Kwa mara ya kwanza Nzilani aliliona goti lile: jekundu, linang'aa, ngozi imekazwa kama ya ngoma, na Mutindi ameuma mdomo hadi umekuwa mweupe.

"Sista, mlete," alisema Mutindi. "Mimi si wa kufa." Kisha akamtazama Nzilani. "Gauni nitavua sasa hivi uvae wewe. Sare yako imechanika mgongoni, watakucheka Kitui."

Kiazi kilichokuwa kooni kwa Nzilani kilitoka chenyewe.

"Haliumi," alisema.

"Nini hakiumi?" Kasyoka aliuliza.

"Tumbo, mwaitu, mama yangu. Haliumi. Halijauma hata kidogo. Sikutapika. Nilitaka redio na mimi."

Mbuzi mmoja alilia nyuma ya gari. Wote walingoja mkono wa Kasyoka, lakini Kasyoka hakuuinua. Alimrudisha Mutindi kitini, taratibu, mguu baada ya mguu mwingine, akapanda kando yake na kufunga mlango. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Nilikuwa nimekubali wakukate," alimwambia binti yake. "Kwa mdomo wangu huu. Fikiria hilo mpaka nirudi."

Gari likaondoka.

Nzilani alibaki uani analia. Sista Rahab hakumbembeleza. Alimshika bega akamrudisha chumbani, akakaa kwenye kiti kile kile.

"Huko Kitui wanaosha visu kwa ajili yako," alisema. "Lazima daktari aambiwe. Naweza kumwambia mimi, au umwambie wewe. Vituo vingine bado viko hewani. Unakubali?"

Safari hii Nzilani hakujibu haraka. Alipangusa pua. "Wote watasikia kwamba nilidanganya?"

"Watasikia."

"Na jina langu?"

"Jina sitaji, hata la Mutindi sikulitaja. Daktari hajui anaitwa nani."

Nzilani alimtazama. Basi pole ile ya kutoka Nairobi Mutindi alijitungia mwenyewe. Wiki nzima alikuwa amekionea wivu kitu ambacho hakikuwepo.

"Nikikataa?" aliuliza.

"Nitamwambia mimi, kwamba tumbo halina ugonjwa. Kwa hilo sina budi. Lakini sauti yako siwezi kuitumia bila wewe kutaka."

Nzilani alifikiri. "Nakubali," alisema. "Nitasema mwenyewe."

Sista alimwonyesha mahali pa kubonyeza. "Daktari," alisema Nzilani, "mimi ni yule wa tumbo. Nilikudanganya. Siumwi. Aliye njiani ni wa goti. Ova."

Redio ilikoroma.

"Nimekusikia," ikasema sauti. "Ungefika Kitui ungesema hivyo?"

"Sijui, daktari. Ningeogopa."

"Na wao wangekupasua kwa neno langu. Siwezi kukuona kutoka huku, mtoto. Nilikuwa na maneno yako tu, na nikayaamini. Asante kwa kunirudishia ya kweli. Sista, nitawaambia Kitui wamsubiri wa goti. Ova."

Sista alizima mtambo kuhifadhi betri. Alikiri kwamba na yeye amejifunza: kesho mgonjwa akisema ameelewa, atamwambia arudie kwa maneno yake mwenyewe kabla hajapiga redio.

Goti la Mutindi lilitolewa usaha na ncha ya mwiba pia, na alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa akichechemea, lakini akilikunja. Kasyoka aliwakalisha wasichana wote wawili jikoni na kuwawekea bakuli za uji, zote za maziwa. Hakuwa mtu wa hotuba ndefu.

"Wewe Mutindi ulificha maumivu yaliyokuwepo, karibu upoteze mguu," alisema. "Wewe Nzilani ulionyesha maumivu yasiyokuwepo, karibu umpotezee mwenzako mguu na ukatwe tumbo bure. Mganga aliye karibu ukimdanganya, anaweza kukugundua kwa mkono wake. Aliye mbali hana mkono. Mkiulizwa kama mnakubali kutibiwa, sikilizeni mnakubali nini, mwulize msichokielewa, mseme yaliyo kweli hata yakiwaaibisha." Alimgeukia binti yake. "Na siku nyingine ukiona wivu, njoo uniambie: mwaitu, na mimi nataka uji wa maziwa. Nitakupa, au nitakunyima na kukueleza sababu. Umeelewa?"

Nzilani alifungua kinywa aseme ndiyo, akajizuia. Akarudia yote aliyoambiwa, moja baada ya jingine, kwa maneno yake mwenyewe, huku uji ukipoa.