Pumzi za Kinanda

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi sauti, mtu ambaye habari za mizimu kwake zilikuwa kichekesho tu.

Siku ya tatu baada ya kumzika yule mwimbaji wa jazi tuliyemwita Kinanda, mumewe alimletea fundi rekodi ya mwisho ya marehemu.

"Zile pumzi zake zitoe zote," alisema. "Anahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Nani atanunua?"

Kwa miaka ishirini fundi alimwona bwana huyo akimfinya mkewe ubavuni kila pumzi yake iliposikika kwenye maikrofoni. Mwishowe mama wa watu akawa akisikia tu viatu vya mumewe, vile vya visigino vya chuma, anabana pumzi hata kama haimbi.

Lakini kazi ni kazi. Fundi alizikata pumzi moja moja tangu asubuhi, na alipofuta ya mwisho, umeme ukakatika. Studio haikuwa na dirisha. Mchana kweupe, giza totoro. Akapapasa, akachomoa plagi ya spika.

Alikuwa bado ameishika mkononi aliposikia mtu anahema ndani ya spika. Pumzi ndefu, za kuchoka, karibu na sikio lake.

"Shemeji," alinong'ona, "nisamehe."

Pumzi zikaendelea, taratibu, kama za mtu aliyepata mahali pa kupumzika.

Kisha ngazini: ko, ko, ko.

"Fundi! Umemaliza?"

Ndani ya spika, pumzi zikabanwa ghafla.