Mgongo wa Kifua Mbele

Bi Mkasi alitoka nje kuanua nguo, akarudi ndani na hasira.

Nguo zenyewe aliziacha kambani. Alirudi na kitu kimoja tu, kakishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Ni ule mkanda wa mume wake. Si mkanda wa suruali, ni wa kuvaa kifuani: mikanda miwili inapita mabegani, mmoja unazunguka mbavu, katikati pana kibao cha kubebea kamera, na ubavuni kuna bizimu la plastiki. Ukilibana linalia kacha! Ukilibonyeza linaachia.

Mume wake alikuwa fundi wa majokofu, lakini moyo wake ulikuwa milimani. Si kwamba kule ana shamba, la hasha. Alipanda, akafika juu, akashuka, basi. Kila siku ya mapumziko aliondoka peke yake na kamera ndogo kama kiberiti kifuani, mikono yake yote miwili ikiwa huru kushika mawe. Akirudi, anawatumia wenzake picha za video kwenye simu: njia, magenge, magoti yake, vidole vyake vinavyong'ang'ania mwamba. Wenzake wanamsifu. Naye akipita mtaani kajitunisha na mkanda wake, mpaka watu wakamwita Kifua Mbele. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na hilo jina la Bi Mkasi hawakumpa kwa sababu ya vitambaa.

Sasa, mkanda ulikuwa unanuka.

Jasho la mume wake Bi Mkasi alilijua. Mwanamke aliyefua mashati ya mtu mmoja tangu usichana wake hahitaji kuambiwa. Hili halikuwa lenyewe. Lilinuka udongo mbichi... mizizi iliyooza... na chini kabisa, kwa mbali, ngozi ya mtu.

Mtu mwingine.

"Wifi!" aliita.

Wifi yake, dada wa mume, alikaa chumba cha pili uani, na alifika kabla jina halijaisha. Akaunusa mkanda, akafumba macho, akaunusa tena kama anayeonja mchuzi.

"Mmh. Hili si jasho la kaka yangu."

"Sasa la nani?"

"Mimi nitajuaje, wifi? Mimi mdomo wangu mfupi."

Mdomo mfupi! Mdomo ambao hufika sokoni kabla ya miguu yake! Lakini siku hiyo ulimfaa Bi Mkasi, kwa maana wifi alisogea karibu akanong'ona: "Yuko bafuni. Simu hii hapa mezani. Hivi, kwa nini siku hizi hatuonyeshi picha zake za mlimani?"

Swali hilo lilimwingia Bi Mkasi kama sindano kwenye ukucha. Akaichukua simu.

Picha ya kwanza ilikuwa njia, majani, ukungu. Hatua za mtu zinasikika. Na katikati ya njia, mbele kabisa, kuna mwanamume anatembea. Shati jekundu, lina kiraka begani. Kiraka hicho alikishona Bi Mkasi mwenyewe.

"Si huyo kaka," wifi alinong'ona.

"Ndiye."

"Na si alisema anakwenda peke yake?"

"Alisema."

"Na kamera si anaivaa yeye kifuani?"

"Anaivaa yeye."

"Sasa wifi... kama yeye ni yule mbele... kamera kaivaa nani?"

Bi Mkasi alihisi damu inapanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Bafuni mume anaimba. Anaimba! Kila wiki mwanamke mwingine anavaa mkanda, anamfuata nyuma akifaidi mgongo wa mume wa mtu, halafu mkanda unaletwa nyumbani mwenye mume aufue!

Kifua Mbele alitoka na taulo kiunoni, povu bado liko sikioni, akakutana na uso wa mkewe.

"Mwambie hawara yako aje afue mwenyewe!"

"Hawara gani tena, we kichwa cha cherehani?"

"Huu mgongo ulijipiga picha wenyewe?"

Kwa kawaida wangefika mbali. Wawili hao kugombana ilikuwa ndiyo redio ya mtaa. Mmoja akitupa, mwingine anadaka na kurudisha, na majirani wanapunguza moto wa jiko ili wasikie vizuri. Lakini safari hii mume alipoiona simu mkononi mwa mkewe, hakurudisha kitu. Aliketi kitandani taratibu, taulo na maji yake.

"Umeona," alisema.

"Nimeona!"

"Basi tazama zote. Nilikuwa nimeivaa mimi. Naapa kwa kaburi la mama, kamera ilikuwa hapa," akajigusa kifua. "Kila nikishuka nakuta hivyo. Nimerudi tena na tena nikidhani ni ubovu wa kamera."

Wakatazama. Ya pili, mgongo ulikuwa karibu kidogo. Ya tatu, karibu zaidi. Hatua za anayefuata hazikuwa hatua za viatu. Zilikuwa kama mti unaopindwa na upepo.

Kri... kri... kri...

Ya mwisho ilikuwa ya juzi. Humo hamkuwa na njia wala mlima. Ilikuwa shingo tu, imejaa kioo kizima, na vinyweleo vimesimama. Kisha chini ya picha, pale ambapo huonekana mikono ya mwenye kuvaa, ukapanda mkono mmoja. Vidole virefu. Ngozi imepasukapasuka kama gome.

Ukasimama juu ya bega la Kifua Mbele. Haukumgusa... bado.

Wifi alikumbuka ameacha sufuria motoni. Alikumbuka kwa mbio.

"Mkanda huu uliununua wapi?" Bi Mkasi aliuliza. Hasira yake ilikuwa haijaondoka, ilikuwa imebadilisha kiti tu.

"Sikuununua."

"Uliniambia umeununua!"

"Niliukuta. Juu kule ukingoni. Umefungwa kwenye kisiki kirefu, kimenifika hapa kifuani. Nikadhani kuna mpandaji kausahau..."

"Mtu husahau kitu chini! Husahau juu ya jiwe! Nani anasahau kwa kukivisha kisiki, akaipitisha mikanda vizuri, akabana na bizimu? Aliyefunga alikuwa na sababu yake!"

Mume aliinamisha kichwa.

"Umemfungua nani, wewe mwanamume?"



Kesho yake mchana walipanda. Mume alisema atakwenda peke yake, na Bi Mkasi akamwambia amekwisha kwenda peke yake vya kutosha. Aliubeba mkanda kwenye mfuko wa plastiki, na kamera yake juu. Njia nzima aligomba. Aliligomba jua, akayagomba magoti yake, akaligomba kila jiwe lililomtelezesha, na zaidi alimgomba mtu aliyetangulia mbele yake kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Lakini macho yake hayakubanduka mgongoni pa mume. Mwanamume yule alikuwa wake. Mjinga, ndiyo, lakini wake, na asingemwacha achukuliwe na kitu kisichojua hata kuosha kwapa.

Jua lilikuwa linazama walipofika ukingoni. Ukungu ulipanda kutoka bondeni.

"Hapa," mume alisema. Akasita. Akazunguka. "Kilikuwa hapa."

Hapakuwa na kisiki.

Palikuwa na mashimo mawili, sambamba, yanafika chini sana. Kama mtu aliyesimama kwenye tope muda mrefu, mwishowe akachomoa mguu mmoja... kisha wa pili.

"Kisiki hakitembei," Kifua Mbele alinong'ona.

"Hakikuwa kisiki."

Kri...

Nyuma yao.

"Usigeuke," Bi Mkasi alisema. "Ziba uso. Fumba."

Kri... kri...

Ile harufu ya mizizi iliyooza ilifika kwanza. Hofu ilimshika miguuni, ikaanza kupanda; lakini hasira ilikuwa imetangulia juu, na zilipokutana, hasira ikaisukuma hofu chini. Akafumba macho. Akafungua bizimu, akautanua mkanda mbele yake kama anavyomtanulia mteja gauni la kupima.

"Haya, njoo uvae chako!" alifoka. "Usinipotezee muda, nina kazi nyumbani! Inua mikono!"

Kitu kikaingia ndani ya mikanda.

Alipitisha mikono kulizunguka umbo lile, kipofu, kwa vidole tu, kama alivyowavisha watu maisha yake yote. Alitegemea gome na ubaridi. Alikuta kifua. Cha moto. Kinapumua. Upana wa mabega aliujua. Mbavu alizijua. Vidole vilitambua kabla akili haijafika.

"Mke wangu..." sauti ilinong'ona sikioni mwake. "Ni mimi..."

Jini mjanja, alijiambia. Anaiga. Akavuta mkanda kwa nguvu zote.

"Mke wangu, ngoj..."

Kacha!

Alipofumbua macho, kisiki kilikuwa kimesimama mbele yake, kimevaa mkanda, kimezama ardhini kama kilichoota hapo. Hatua chache pembeni, Kifua Mbele alikuwa bado ameziba uso kwa viganja.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari."

Akashusha mikono. Akatabasamu.

"Twende zetu, mama."

Katika ndoa yao yote hajawahi kumwita mama.

Tangu siku hiyo nyumba ilitulia. Mlima mume hakuutaja tena. Akirudi kutoka kazini anatengeneza bawaba za milango, anachota maji, anakula anachopewa na kushukuru. Majirani wakarudisha moto wa jiko, maana redio imezimwa. Bi Mkasi alimtukana asubuhi, mume akatabasamu. Alimtukana jioni mbele ya wageni, akasema, "Kweli, mama." Alimwaga maji kwenye viatu vyake kwa makusudi. Akavianika.

"Kaka yangu katulia," wifi alisema. "Umempa nini? Nipe na mimi nimpe wangu."

"Hagombi, wifi. Namchokoza, hagombi."

"Na unalalamika? Wewe kweli hushukuru!"

Bi Mkasi hakuweza kumweleza. Usiku alikaa macho, hasira imemjaa mpaka kooni na hana pa kuitua. Utamgombeza nani? Ni kama kupiga ngumi mto. Aliyekuwa akimrudishia neno kwa neno alikwenda wapi?

Kisha akaja mama mmoja muuza kuni kuleta nguo ishonwe. Mwanamke wa maneno machache, lakini siku hiyo alicheka peke yake.

"Fundi, kule ukingoni kuna mume na mke wanagombana, hujapata kusikia! Sauti ya mume tu. Mke simwoni, mume simwoni. Kuna kisiki tu kimevaa mkanda."

Cherehani ilisimama.

"Anasemaje?"

"Anafoka kweli! Eti: 'Nifungue, we kichwa cha cherehani! Umemfunga siye!'"

Bi Mkasi alinyanyuka hata uzi hajaukata. Alipita mlangoni, akapita uani, akampita wifi na maswali yake, akashika njia ya mlima. Hakumwita mtu. Lakini alipofika kwenye mteremko wa kwanza, alisikia viatu nyuma yake, vinakuja bila haraka.

"Nakusindikiza, mama," mume alisema.

"Sikukuita!"

"Najua."

Kisiki kilikuwa pale, mkanda umekibana, kamera imezibwa na vumbi. Kimya. Bi Mkasi aliweka kiganja juu ya gome. Lilikuwa baridi. Akaweka sikio. Akasikia kitu... au moyo wake mwenyewe. Akashika bizimu.

"Mama, acha," sauti nyuma yake ilinong'ona. "Ukimfungua, huwezi kujua nani anatoka."

"Nyamaza!"

"Mimi ndiye niliyerudi nawe. Nimekukosea nini?"

Hapo ndipo palipomuuma. Hakuwa amemkosea kitu. Bi Mkasi alisimama kati ya kisiki kisichosema na mume asiyegomba, na kidole chake juu ya plastiki ile ndogo. Akahisi hasira ya kweli inamchemka, ile ambayo haiulizi. Hasira kwa yule aliyefungua kisichomhusu. Hasira kwa mikono yake mwenyewe, iliyotambua ikakataa kuamini. Kama mume wake yupo, popote alipo, atajibu. Haijapata kutokea akatukanwa akanyamaza.

Akavuta pumzi, akapasua ukungu:

"Mwanamume gani wewe, usiyejua hata kurudi nyumbani kwako!"

Akajibiwa.

"Nitarudije, na mlangoni umekaa wewe?"

Maneno yale yale. Sauti ile ile. Moja mbele yake, ndani ya gome. Nyingine nyuma, shingoni pake.

Walijibu wote wawili, kwa pamoja.

Bi Mkasi hakulibonyeza bizimu. Wala hakuondoa mkono.